Mamumunye Matatu ya Ardis

Katika mji wetu wa Nyland watu hawafungi milango ya magari mwaka mzima, isipokuwa mwezi wa nane. Mwezi huo mamumunye huzaa kuliko matumbo yetu yanavyoweza kula, na ukiacha gari wazi nje ya kanisa utarudi ukute kiti cha nyuma kimejaa. Tarehe nane ina jina kabisa: siku ya kumwekea jirani mumunye kibarazani bila kuonekana. Serikali haijaitangaza na benki hazifungwi, lakini hapa Minnesota wapo wanaoingoja kama wengine wanavyongoja Krismasi.

Wa kwanza kati yao ni Ardis Kvale. Ana miaka sabini na minane. Aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, na hadi leo akiita mtu barabarani, mtu husimama. Mikono yake mikubwa, ulimi wake mkali. Mimi ni jirani yake wa ng'ambo ya barabara, tunasali kanisa moja na tunaosha vyombo pamoja kule chini ya kanisa baada ya mazishi. Siku ya kwanza tulipoosha vyombo aliniambia, "Anaeli, unasuuza sahani kama unambatiza mtoto. Harakisha, tutafia humu." Nikajua huyu nitampenda, ingawa itanigharimu.

Mambo ya siku hizi za mzaha aliyaanza baada ya mumewe, Vernon, kufariki. Alinieleza mwenyewe. "Siku zote zilikuwa zimevaa nguo moja. Naamka sijui kama ni Jumatatu au Alhamisi, na sijali." Basi akapata kalenda yenye jina kwa kila siku ya mwaka, akaibandika kwenye friji. Siku ya mkate wa ndizi, akaoka. Siku ya soksi zisizofanana, akaja kanisani mguu mmoja mwekundu, mwingine wa kijani, akapita mbele kabisa kupokea meza ya Bwana. Mwezi wa kwanza kuna siku ya kujibu maswali ya paka. Yeye hana paka, akamchukua wa jirani yake Delmar bila ruhusa, akakaa naye mezani saa nzima. Mwezi wa tisa kuna siku ya kusema kama maharamia wa baharini, naye akaingia benki akamwambia karani, "Toa hazina, mbwa wa bahari wewe!" Karani alikuwa msichana ambaye Ardis alikuwa akimpeleka shule kwa basi lake tangu darasa la kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini.

Delmar Roiseland hakucheka hata mara moja. Huyu ndiye jirani yake wa ubavuni, miaka arobaini sasa. Alikuwa msimamizi wa ghala la nafaka, mtu mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Mkewe, Marlys, alikufa miaka minne iliyopita. Baada ya hapo alichobaki nacho ni nyasi. Anazikata kila baada ya siku mbili, mistari imenyooka kama daftari, na akifika mpakani kwa Ardis anakata mpaka kwenye alama, hazidishi hata upana wa kidole. Ndivyo watu wa kwetu wanavyochukiana. Hawatukanani. Mtu wa Nyland hawezi kukwambia neno chungu usoni. Atakwambia "si mbaya", atachukua bakuli lake aende nyumbani, na maneno yenyewe utayasikia kwa mwingine wiki ijayo. Nimeishi hapa miaka ishirini na minne na hilo bado linanishinda. Kwetu Machame mtu akikuchukia, unajua kabla ya chai.

Mwaka huo tarehe nane iliangukia Alhamisi. Asubuhi Ardis alinyata mpaka kibaraza cha Delmar akaacha mumunye lililovishwa kofia ya karatasi. Saa nne nilipita na mkate, nikamkuta anarudi huku amejishika mbavu kwa kicheko. Ameacha la pili. "Limelala kwenye kiti chake cha kuning'inia," akasema, "kama mgonjwa." Nikamwambia moja lilitosha. "Kwa Mkristo moja latosha," akasema. "Delmar anahitaji mawili."

Jumamosi mwana wa Ardis alifika kutoka Minneapolis. Anaitwa Kent, ana miaka hamsini na tatu, na uso wake ni wa mtu anayesubiri simu. Hakuwa ametoa taarifa. Nilikuwa jikoni kwa Ardis tunakata hayo hayo mamumunye kwa ajili ya mikate ya kanisa. Nikataka kutoka.

"Kaa, Anaeli," akasema Ardis. "Mtu akija bila kualikwa nataka shahidi."

Kent akavuta kiti. "Mama, kaa chini."

"Nimekaa miaka thelathini na mmoja nikiendesha basi. Sema nikiwa nimesimama."

Akatoa barua mfukoni, akaiweka mezani katikati ya maganda. Ardis hakuhitaji kusoma jina. Iliandikwa yote kwa herufi kubwa, kama alivyokuwa Delmar akiandika vibao vya ghala. Ilisema kwa heshima zote kwamba anamhofia Bibi Kvale, kwamba mambo yake yamezidi, kwamba tarehe nane alikuja kibarazani kwake mara tatu na mamumunye matatu, kila mara akicheka kama ndiyo ya kwanza. Mwishoni aliwatakia mavuno mema.

"Mara tatu," akasema Kent.

"Anajua kuhesabu. Mshangilie."

"Mama, si mamumunye tu. Benki umemwita mtu mbwa."

"Mbwa wa bahari. Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tisa. Itazame kalenda."

"Watu wazima hawafanyi hivyo!"

"Watu wazima wa kwako wanamvalisha mbwa koti na kumpeleka kwa kinyozi. Usinifundishe utu uzima, Kent, mimi ndiye niliyekuvalisha nepi."

Kent akavimba shingo. Akasema ameshapiga simu, kuna chumba kimoja kimebaki katika nyumba ya wazee ya hapa hapa Nyland, kizuri, dirisha linatazama bustani.

Sasa, mimi nafua mashuka katika nyumba hiyo. Si mahali pabaya, wafanyakazi wana huruma na Jumapili tunaimba. Lakini chumba kile nakijua. "Dirisha lake linatazama mapipa ya taka," nikasema. Mungu anisamehe, sikuulizwa.

"Asante, shahidi," akasema Ardis.

Walipigana kwa maneno mpaka kahawa ikapoa. Mwisho wakakubaliana hivi: Jumanne wataonana na daktari. Daktari atampima akili. Akionekana amepungukiwa, nyumba itauzwa na Ardis ataingia kwenye kile chumba. Akionekana mzima, Kent atafunga mdomo, na chumba apewe mwingine. Waliafikiana bila kupeana mikono. Kent alilala hotelini pembeni ya barabara kuu, wakati vyumba viwili vya juu kwa mama yake vilikuwa vitupu na vitanda vimetandikwa.

Jumapili Delmar alikaa kiti chake cha siku zote kanisani, safu moja nyuma ya Ardis. Ilipofika wakati wa kupeana amani, Ardis aligeuka akamkabidhi mkono mkubwa ule. "Amani ya Bwana, Delmar. Mwandiko wako umezidi kuwa mzuri." Delmar akawa mwekundu mpaka masikioni. "Si mbaya," akasema. Nilisali ibada nzima bila kusikia mahubiri.

Jumanne nilimpeleka mimi kwa gari langu, kwa sababu alikataa kupanda la Kent. Njiani alijipangusa magoti kama yana makombo. Tulipokaribia hospitali akaniambia, "Unanukia ile nyumba ya wazee. Ile sabuni." Nikasema nimeoga. "Najua umeoga. Haitoki." Hakusema kwa ubaya. Aliogopa.

Daktari Hegstad ni mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alikubali niketi pembeni. Kent akakaa upande wa pili amekunja mikono. Daktari akamtajia Ardis maneno matano ya kukumbuka, atayauliza baadaye: uso, hariri, kanisa, ua, nyekundu. Akamwambia achore saa. Akachora vizuri. Akamwambia atoe saba kutoka mia, kisha saba tena, kisha tena. Akatoa upesi kuliko mimi niliyekuwa nafuatisha kwa vidole ndani ya mkoba.

"Vizuri sana. Sasa niambie, leo ni siku gani?"

"Siku ya watu wa mkono wa kushoto," akasema Ardis.

Kent akaruka. "Unaona! Daktari, unaona! Ndiyo nilikuwa nasema!"

"Kaa chini, mlango wa basi bado haujafunguliwa," akasema mama yake bila kumtazama. "Jumanne, tarehe kumi na tatu, mwezi wa nane. Na ni siku ya watu wa mkono wa kushoto duniani kote, na wewe daktari unaandika kwa kushoto tangu nimeingia, na naona hakuna aliyekupa hata kipande cha keki. Aibu kwa hospitali hii."

Daktari alitazama kalamu mkononi mwake kama ndiyo kwanza aione. Akacheka kidogo, akajizuia, akaandika kitu. Kisha akauliza yale maneno matano.

"Uso," akasema Ardis. "Hariri. Kanisa." Nje mtu alikuwa anasukuma kigari chenye gurudumu linalolia. Akafumba macho. "Kanisa nimeshasema. Yalikuwa matano."

"Usijali," akasema daktari.

"Usiniambie nisijali. Ngoja." Tukangoja. Mikono yake ilikuwa imeshika kingo za kiti kama anayekata kona. Yale mawili hayakuja.

Daktari aliweka kalamu chini, akasema taratibu: amepungukiwa kidogo, kama wengi wa umri wake, saa ameichora, hesabu ameziweza, tarehe anaijua. Haoni sababu ya kumtoa nyumbani kwake leo. Arudi baada ya miezi sita. Halafu akauliza, "Kuna jambo jingine lolote mngependa nilijue?"

"Mamumunye," akasema Kent. "Mara tatu siku moja. Muulize."

Daktari akamgeukia Ardis.

"Makusudi," akasema Ardis. "Jirani yangu ni mtu wa kustahili matatu."

Basi ikawa imekwisha. Kwenye maegesho Kent alisema, "Umeshinda. Furahi." Mama yake akamjibu, "Safari njema. Funga gari lako, ni Agosti." Hawakukumbatiana. Kent akabamiza mlango akaenda zake.

Nilifikiri njiani atacheka. Hakucheka. Tulipita mashamba ya mahindi, tukapita ghala la nafaka, na mbele ya kanisa akasema, "Nakumbuka mawili."

Nilidhani anazungumzia maneno ya daktari. "Ulisema matatu," nikamwambia. "Uso, hariri..."

"Mamumunye, Anaeli. La kofia na la kwenye kiti. La tatu silijui. Nimekaa tangu Jumamosi nikilitafuta kichwani." Kisha akasema, "Au Delmar amedanganya. Naomba Mungu awe amedanganya. Nimekuwa namwomba Mungu hilo, na wewe mtu wa dini niambie kama ni dhambi."

Sikujua. Nikamwambia Mungu ameshasikia makubwa zaidi ya hayo.

"Basi usiniombee kwa sauti. Simamisha gari."

Tulikuwa tumefika kwake. Delmar alikuwa uani na mashine yake ya kukatia nyasi. Ardis alishuka, akavuka mpaka ule wa alama akikanyaga nyasi zilizokatwa, akasimama mbele ya mashine mpaka Delmar akalazimika kuizima. Mimi nilibaki na mkono juu ya mlango wa gari. Nilisikia yote.

"Umeandika barua," akasema Ardis.

"Ilikuwa hali ya hewa nzuri juzi," akasema Delmar.

"Usinitolee hali ya hewa! Miaka arobaini kati ya mlango wangu na wako ni hatua kumi na nane, na wewe umepita kilomita mia tatu kwa posta kumwambia mwanangu!"

"Nilifikiri ndiyo heshima."

"Heshima yako nusura inilaze kwenye mapipa ya taka. Kama una neno nami, niambie hapa, na hapa." Akajipiga kifuani. "Ulisema matatu. Ni kweli au umeongeza?"

Delmar akatazama mashine. "Si mbaya, Ardis. Tuyaache."

"Sema, mzee mwoga wewe! Sema mara moja katika maisha yako!"

Hapo Delmar akainua uso. Sijawahi kumwona mtu wa Nyland na uso ule. Kidevu kilikuwa kinamcheza.

"Matatu," akasema kwa sauti kubwa. "La tatu saa tisa mchana. Uliniletea mkononi, ukabisha hodi. Hukujificha. Ukaniambia nimpe Marlys, kwa sababu Marlys anajua kuyapika na mimi sijui. Ukaniuliza kama yuko bafuni. Nikakuambia hayupo. Ukasema sawa, utamngoja. Ukakaa kwenye kiti chake, Ardis. Ukakaa kwenye kiti cha mke wangu nusu saa unamngoja, na mimi nimesimama hapo mlangoni nimeshika hilo libomu lako la kijani. Hilo sikuliandika. Nisingeweza kuliandika. Sasa nimesema. Umefurahi?"

Aliyebeba jeneza la Marlys upande wa kichwani, pamoja na wanaume watano, ni Ardis. Marlys mwenyewe aliomba hivyo. Sasa nilimwona Ardis akitafuta pa kushika na hapakuwa na kitu, nyasi tu.

"Ungeniambia," akasema mwishowe.

"Nisingeweza."

"Ungeweza. Hukutaka."

"Basi sikutaka!" akafoka Delmar. "Na usiniletee tena mamumunye. Wala paka wangu usimguse." Akaivuta kamba ya mashine. Haikuwaka. Akaivuta tena na tena, mgongo kwetu, mpaka Ardis akaondoka.

Ndani alikaa jikoni bila kuvua viatu. Nikachemsha kahawa. Nilikuwa najua jambo moja na yeye alikuwa analijua: Kent hana habari ya hili, daktari hana habari, na Delmar hatalisema tena hata akichomwa moto. Nyumba ilikuwa yake. Alichohitaji ni kunyamaza tu, na kunyamaza katika mji huu si kazi. Alinitazama.

"Usinipe aya ya Biblia."

"Sijasema kitu."

"Unaifikiria. Naiona mdomoni mwako." Akasukuma kikombe. "Miezi sita, kasema. Nikiwa kwenye usukani, ikija saa kama ile ya mumunye la tatu, nikifikiri nina watoto nyuma?" Akainuka akachukua simu ya ukutani, akapiga namba bila kuangalia popote. Kent alikuwa bado njiani.

"Simama pembeni," akamwambia. "Umesimama? Usinikatize. Nilimdanganya daktari." Akamweleza yote, kiti, bafu, nusu saa, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwatajia watoto vituo. "Hapana, sikumbuki. Hata kidogo. Kesho nampigia daktari mwenyewe, si wewe. Funguo za gari nampa Anaeli leo. Nyumba sitoki. Siku ya kutoka nitakwambia mimi, usoni, na wewe ukiona imefika kabla yangu, utakuja uniambie mimi, si jirani, si mchungaji, mimi. Unasikia? Kent. Kent, ukilia nakata simu."

Alilia, maana Ardis aliikata. Akabaki ameishika, amenipa mgongo. Ilipolia tena hakuipokea. Akaninyooshea mkono wa simu.

"Pokea wewe," akasema. "Mimi bado nina hasira naye."

Nikapokea. Kent aliuliza kama mama yake amekula. Nikasema bado. Akauliza kama anaweza kurudi usiku ule alale kwenye chumba kimoja cha juu, na nilipogeuka kumfikishia swali, Ardis alikuwa ameshapanda ngazi kufungua madirisha, akigongagonga kila mlango anaopita.